Bima ya maisha ya pamoja kwa wanandoa: mlango wa kuingia mpana, wa kutokea mwembamba

Bima ya maisha ya pamoja, ile ambayo mke na mume hukata kwa mkataba mmoja, husifiwa kwa mambo mawili: ada moja badala ya mbili, na fomu moja badala ya mbili. Sifa zote mbili ni za kweli. Ada yake huwa nafuu kuliko ya bima mbili kwa sababu kampuni inalipa mara moja tu. Wa kwanza akifariki, fidia inatoka na mkataba umekwisha. Shida ni kwamba bidhaa hii hupimwa siku ya kununuliwa, wawili wakiwa wamekaa kochi moja wanacheka na wakala. Hapa tunaipima siku ile nyingine, ndoa imevunjika na karatasi moja inatakiwa igawanywe baina ya watu ambao hata simu hawapokeleani.

Asiye na muda achukue uamuzi wetu hapa hapa. Bima ya pamoja isiyo na kipengele cha kutenganisha, yaani ruhusa ya kila mmoja kuondoka na bima yake, ni bidhaa duni, hata ada yake ikiwa ya chini namna gani: nyota 2 kati ya 5. Yenye kipengele hicho, kikiwa kimeandikwa vizuri, inapata 4. Bima mbili, kila mmoja na yake, ndizo tunazopendekeza kwa wengi. Ile nyongeza kidogo ya ada ni bei ya kuweza kuachana bila kuombana saini.

Mistari minne ya kusoma kwanza

Toa hati ya bima kabatini, fungua ukurasa wa jedwali la mkataba, usome nani kaandikwa wapi. Kuna mwenye mkataba, kuna mtu ambaye maisha yake yamekatiwa bima, kuna mlipaji wa ada, na kuna mnufaika. Hawa ni watu wanne kwa kazi, ingawa jina linaweza kuwa moja. Ugomvi mwingi wa bima baada ya talaka huanzia hapa, mtu anapigania unufaika na kumbe aliyekuwa na la kusema ni mwenye mkataba.

Katika bima ya pamoja ya kawaida, wote wawili ni wenye mkataba na maisha ya wote wawili yamekatiwa bima. Mmoja akifa, fidia inakwenda kwa aliyebaki kwa sababu ni mmiliki mwenzake. Haijalishi kama bado ni mke au mume wake. Ndiyo maana fomu ya kubadilisha mnufaika, ambayo dada wa huduma kwa wateja hukutumia haraka haraka ukimpigia simu kusema umeachika, mara nyingi haisaidii kitu kwenye mkataba wa namna hii. Unaweza kuandika majina ya watoto wote watano. Mwenzako wa zamani akiwa hai siku unayokufa na mkataba bado ni wa pamoja, hela ni zake.

Matokeo ya pili ni saini. Kuvunja bima, kuhamisha umiliki, kukopa juu yake, kupunguza kiasi, vyote vinataka saini za wote wawili. Mmoja akigoma, mkataba umeganda. Kitu kimoja tu hakihitaji saini ya mtu, nacho ni kuacha kulipa.

Hapo ndipo bima nyingi za wanandoa hufia, kimya kimya. Ada inakatwa kwenye akaunti ya mmoja wao. Anaifunga akaunti, au anasitisha makato kwa hasira. Kampuni inajaribu kukata, hela haipo. Zinaanza kuhesabika siku za msamaha, kwa kawaida 30. Barua ya onyo inakwenda kwenye anwani iliyo kwenye faili, yaani ile nyumba ambayo mmoja wao ameshaihama. Siku ya 31 ulinzi umekatika, na aliyehama hajui. Akija kugundua baada ya miezi sita, kampuni itamwambia bima inaweza kufufuliwa, ila zilipwe ada zote zilizolala na wote wawili wajaze upya tamko la afya. Nani atamshawishi mwenzake wa zamani akapimwe shinikizo la damu kwa ajili yake?

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya wakili na kabla ya kugawana makochi, ni barua ya nusu ukurasa kwa kampuni ya bima: anwani yako mpya, namba yako ya simu, na ombi kwamba kila taarifa ya ada kutolipwa iletwe kwako pia. Hiyo haihitaji saini ya mwenzako. Kisha mkubaliane nani analipa mpaka mgawanyo uishe. Mkishindwa kukubaliana, lipa wewe unayehitaji bima iendelee na utunze risiti. Hesabu ya nani alilipa nini inaweza kurekebishwa mezani baadaye, lakini bima iliyokatika haifufuliwi na hakimu.

Kipengele cha kutenganisha

Hiki ndicho kinachoibeba au kuiangusha bidhaa nzima. Kwa ufupi, kinaruhusu mkataba wa pamoja uvunjwe na kila mmoja apewe bima yake mwenyewe bila kupimwa afya upya. Thamani yake iko kwenye hayo maneno manne ya mwisho. Mtu aliyekata bima akiwa na miaka 29 mzima kama chuma, akaachika akiwa na miaka 43 na kisukari, hapati tena bima mpya kwa ada ya kawaida. Anaweza kukataliwa kabisa. Kipengele hiki kinamvusha na afya yake ile ya zamani.

Lakini vipengele hivi havifanani, na kwenye vipeperushi huandikwa kwa sentensi moja tamu. Soma masharti yenyewe. Angalia kwanza muda wa kuomba. Kampuni nyingi huweka dirisha la miezi michache tu, na jambo la kuuliza ni miezi hiyo inahesabiwa tangu lini: siku ya kutengana, siku ya kufungua shauri, au siku ya hukumu ya mwisho ya talaka? Watu wengi hukosa haki hii kwa kusubiri hadi mambo yote yatulie, na mambo yakitulia dirisha limefungwa. Angalia pia ukomo wa umri, maana baadhi ya mikataba hukinyima kwa mtu aliyevuka umri fulani, na ikitokea mmoja amevuka, iulizeni kampuni mapema kama mwenzake bado anakipata.

Halafu kiasi. Mkiwa na bima ya pamoja ya 1,000,000, je, kila mmoja anaondoka na bima ya 1,000,000 au ya 500,000? Yote mawili yapo sokoni, na tofauti yake ni kubwa kuliko punguzo lolote la ada mlilowahi kupata. Tazama kama nyongeza, mfano malipo ya ugonjwa mkubwa au ya ulemavu, zinahamia kwenye mikataba mipya au zinabaki zinakufa na ule wa zamani. Na mwisho, kampuni inataka saini za wote wawili, au hati ya talaka peke yake inatosha? Kipengele kinachomhitaji mwenzako akubali ni nusu ya kipengele. Sisi kwa hilo tunakata nyota moja nzima.

Ada ya bima mpya itapanda, na hilo si ujanja wa kampuni. Inapigwa kwa umri wako wa leo. Kinachookolewa ni nyongeza ya ada kwa sababu ya ugonjwa, na ile hatari ya kukataliwa.

Kosa la mpangilio linalorudiwa sana: watu wanavunja bima ya zamani wiki ileile wanayojaza fomu ya mpya. Usifanye hivyo. Bima mpya iwe imekubaliwa kwa maandishi, ada ya kwanza imepokelewa, hati imetoka na tarehe ya kuanza imepita, ndipo ya zamani ifungwe. Kulipa ada mbili kwa mwezi mmoja ni gharama ndogo. Kubaki mtupu wiki tatu huku ukiendesha gari kwenda mahakamani na kurudi ni kamari.

Bima ya muda haina hela, usiigombee kama ina hela

Kuna mkanganyiko ambao mawakili nao huuingia. Bima ya muda maalumu, ile ya miaka 15 au 20 inayolipa tu mtu akifa ndani ya muda huo, haina akiba ndani yake. Ukiivunja leo unapata sifuri. Kuiandika kwenye orodha ya mali kama "bima ya 1,000,000" na kudai nusu yake ni kudai nusu ya mwavuli siku ya jua. Kinachogawanywa hapo ni ulinzi: nani aendelee nao, nani alipe.

Ila usiseme haina thamani. Kama mmoja ameugua tangu bima ilipokatwa, mkataba ule hauwezi kununuliwa tena kokote kwa ada ile. Kwa huyo mgonjwa, na kwa watoto wanaomtegemea, hiyo ndiyo mali nzito kuliko gari. Tumeona mapatano yanayoisahau kabisa kwa sababu safu ya "thamani ya sasa" ilikuwa na sifuri.

Ikiwa bima ya muda iliwekwa kama dhamana ya mkopo wa nyumba, kuna mtu wa tatu chumbani, naye ni benki. Mkataba umehamishiwa kwake kwa dhamana, na kampuni ya bima haitagusa kitu bila barua ya benki ya kuuachia. Utaratibu unaokwenda vizuri huanzia benki: nyumba inabaki kwa nani, mkopo unabaki kwa jina la nani, ndipo bima ifuate mkopo. Kinyume chake, kuhamisha bima kwanza, huishia na fomu zinazorudishwa.

Yenye akiba: tupige hesabu

Bima ya maisha yenye akiba ndiyo inayoleta ugomvi wa kweli kwa sababu ina fedha ndani. Njia za kutoka ni tatu: kuivunja na kugawana, kusimamisha ada na kuiacha ilale mpaka iive, au mmoja kuichukua na kumlipa mwenzake. Katika baadhi ya nchi kuna soko la kuuza mikataba ya namna hii kwa mtu wa tatu, na pale lilipo, bei yake inaweza kuzidi ile ya kampuni. Inafaa kuuliza kabla ya kuvunja.

Chukua mkataba wa miaka 20, kiasi cha 1,000,000, ada 5,000 kwa mwezi. Miaka 8 imepita, ada 96 zimelipwa kati ya 240, jumla 480,000. Bonasi zilizokwisha kutangazwa, yaani faida ambayo kampuni imeshaiongeza kwenye mkataba, ni 80,000. Mwaka juzi mlikopa 60,000 juu ya bima hii, na riba iliyolala ni 12,000. Kampuni inasema ukivunja leo utapewa 260,000 kabla ya kutoa mkopo.

Ukivunja: 260,000 toa 72,000 inabaki 188,000, kila mmoja 94,000. Hapa ndipo mtu hupandwa na hasira, maana alikuwa na 240,000 kichwani, nusu ya ada zilizolipwa. Ada zilizolipwa si akiba yote. Sehemu ilinunua ulinzi wa miaka minane, sehemu ilikwenda kwenye kamisheni na gharama za mwanzo, ndiyo maana miaka ya kwanza miwili mitatu thamani ya kuvunja huwa karibu na hakuna.

Ukisimamisha ada: kiasi kinapunguzwa kwa uwiano wa ada zilizolipwa. 96 kwa 240 ni asilimia 40, yaani 400,000, ongeza bonasi 80,000, jumla 480,000 itakayolipwa baada ya miaka 12 au kifo kikitangulia. Njia hii inavutia kwa kuwa hakuna anayetoa hela. Sisi hatuipendi kwa waliotalikiana. Inawafunga wawili kwenye mkataba mmoja kwa miaka 12 zaidi, saini mbili kila kitu, na ule mkopo unaendelea kuzaa riba ndani. Mkopo ukiachwa ukue hadi kuzidi thamani ya bima, kampuni inaufunga mkataba wote.

Mmoja akiichukua: amlipe mwenzake kiasi gani? Mchukuaji atasema 94,000, nusu ya thamani ya kuvunja. Lakini yeye havunji. Anabaki na kitu ambacho hata akiacha kulipa leo kitampa 480,000 baada ya miaka 12. Ukirudisha kiasi hicho kwenye thamani ya leo kwa asilimia 4 kwa mwaka, ni karibu 300,000. Toa mkopo 72,000, inabaki 228,000, nusu yake 114,000. Tofauti ni 20,000. Anayeondoka na adai bei ya pili, anayebaki ataje ya kwanza, na kiwango cha punguzo, yaani hiyo asilimia, ndicho cha kujadili. Ukiweka asilimia 6 thamani ya leo inashuka hadi kama 239,000, chini ya ile ya kuvunja, na hoja ya anayeondoka inayeyuka. Kwa mikataba mikubwa mtaalamu wa hesabu za bima ana thamani ya ada yake. Kwa midogo, jedwali la kompyuta linatosha.

Kama mkataba ulianza kabla ya ndoa, mahali pengi sehemu hiyo hutengwa. Hesabu ya haraka ni ya ada: kati ya 96, ada 36 zililipwa kabla ya harusi, basi asilimia 37.5 ni ya mwenyewe. Ni hesabu ya kukadiria kidogo, kwa sababu ada za mwanzo huliwa zaidi na gharama, lakini ina faida ya kueleweka na wote wawili. Uliza pia kodi, kwani kuvunja mapema kunaweza kutozwa pale ambapo kuhamisha baina ya wanandoa wanaoachana hakutozwi.

Kuhamisha umiliki bila kurudishiwa fomu

Anayeachia anasaini hati ya uhamisho mbele ya shahidi, na anayepokea anaikubali. Inapelekwa kwa kampuni pamoja na hati halisi ya bima, nakala za vitambulisho, hati ya talaka, na nakala ya mapatano au amri ya mahakama. Kampuni inaingiza uhamisho kwenye daftari lake na kutoa barua ya kukiri. Barua hiyo ndiyo muhimu. Uhamisho uliosainiwa vizuri ukabaki kwenye droo ya wakili haujaifikia kampuni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1867 kuhusu mikataba ya bima ya maisha ilishaliweka jambo hili wazi: haki ya aliyehamishiwa kuidai kampuni inategemea taarifa ya maandishi, na tarehe ya kupokelewa taarifa ndiyo inayopanga nani anatangulia.

Fomu hurudishwa kwa mambo ya kijinga. Saini haifanani na ile ya miaka 14 iliyopita, jina la ndoa limebadilishwa na halioani na kitambulisho, shahidi ni ndugu wa mpokeaji, au hati halisi imepotea. Hati ikipotea, anza na kiapo cha upotevu na fomu ya kampuni ya kupata nakala. Hiyo peke yake inaweza kula wiki kadhaa. Saini ikiwa imebadilika, peleka uthibitisho wa saini kutoka benki siku ileile badala ya kusubiri kuambiwa.

Kuna mtego mmoja wa zamani. Mikataba iliyokatwa chini ya sheria ya Uingereza ya mali za wanawake walioolewa ya mwaka 1882, au sheria zilizoigwa kutoka kwake, huweka fidia kama amana, yaani mali inayoshikwa kwa niaba ya mke, mume au watoto. Mke akitajwa kwa jina lake, haki ni yake tangu siku hiyo, na talaka yenyewe haimwondolei. Mume hawezi kuihamisha peke yake ingawa yeye ndiye anayelipa ada. Tafuta neno "amana" au fomu ya amana iliyobanwa nyuma ya hati kabla hujaandika mapatano yoyote.

Mnufaika wa zamani aliyesahaulika

Kwa bima za mtu mmoja na bima za kikundi kazini, hapa jina la mnufaika lina nguvu kweli, na ndipo talaka nyingi huacha shimo. Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani. David Egelhoff, mfanyakazi wa Boeing, alitalikiana mwezi Aprili 1994 na akafariki kwa ajali ya gari mwezi Julai mwaka huohuo, bila kubadilisha fomu. Bima ya dola 46,000 ilikwenda kwa mke wa zamani. Watoto wake wa ndoa ya awali walishtaki, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria ya jimbo ya kumwondoa mtalaka haiwezi kushinda sheria ya kitaifa ya mafao ya kazini. Mwaka 2009, katika shauri la mfanyakazi mwingine, Kennedy, mke wake alikuwa ameshaachia haki yake ndani ya hukumu ya talaka, na bado akiba ya kazini ya takribani dola 402,000 ililipwa kwake, kwa sababu fomu ya mpango ilikuwa na jina lake. Halafu mwaka 2018 mahakama hiyohiyo iliikubali sheria ya Minnesota inayomfuta mtalaka moja kwa moja kwenye bima binafsi. Nchi moja, hela inakwenda huku au kule kutegemea bima ilikatwa kazini au dukani.

Funzo la kiutendaji ni kwamba mapatano ya talaka yanawafunga nyinyi wawili. Kampuni ya bima haikuwepo mezani, nayo inalipa kwa fomu yake. Fomu mpya ya kazini, ya benki na ya mfuko wa pensheni zijazwe siku sheria inapokuruhusu, maana mahali pengine mahakama huzuia mabadiliko shauri likiendelea. Uliza pia kama mnufaika alitajwa kama asiyeondolewa. Huyo hatoki bila ridhaa yake. Na ukiwataja watoto wadogo, mtaje na msimamizi mtu mzima, la sivyo mara nyingi anayeishia kuzishika hela ni yuleyule uliyetaka kumkwepa.

Bima ya kulinda matunzo

Hili ndilo matumizi bora ya bima ya zamani, na ndilo linalopangwa vibaya zaidi. Mzazi mmoja ameamriwa kutoa matunzo ya 10,000 kwa mwezi hadi mtoto wa miaka 7 afike 18. Ni miezi 132, jumla 1,320,000. Akifa kesho, matunzo yanaweza kufa naye. Kwa hiyo mapatano husema "ataendelea na bima kwa faida ya mtoto", na hakuna anayeangalia tena.

Mpangilio unaoshika ni mwingine. Anayepokea matunzo ndiye awe mwenye mkataba, juu ya maisha ya anayelipa, na yeye ndiye alipe ada kwa hela iliyoongezwa ndani ya matunzo. Akiwa mwenye mkataba, hakuna anayebadilisha mnufaika nyuma yake, na taarifa ya ada kukwama inakuja kwake. Wengi hudhani ukishaachika huruhusiwi kushika bima ya maisha ya mtalaka wako. Katika sheria inayofuata Uingereza, tangu shauri la Dalby la mwaka 1854, maslahi, yaani kuwa na cha kupoteza mtu huyo akifa, yanatakiwa yawepo siku ya kukata bima ya maisha, si siku ya kulipwa. Ndiyo maana kuhamishiwa bima iliyopo ni rahisi kuliko kukata mpya baada ya talaka, ambapo utatakiwa uonyeshe maslahi upya na mwenzako akubali kupimwa.

Kiasi nacho kipungue na muda. Baada ya miaka 5 imebaki miezi 72, yaani 720,000. Bima inayoshuka, au ile inayolipa kila mwezi hadi tarehe fulani, ina ada ndogo kuliko ya kiasi kisichobadilika.

Bima nyingine tupitie mbio. Ya afya ya familia: mtalaka kwa kawaida huondolewa kama mtegemezi, uliza ni siku ipi hasa na kama anaweza kuhamia mkataba binafsi bila kipindi cha kungoja. Ya gari: rekodi ya kutodai fidia ni ya mwenye bima, dereva wa pili aombe barua ya uzoefu wake. Ya nyumba: aliyehama vitu vyake havilindwi tena pale, na nyumba ikikaa tupu kwa muda mrefu masharti hubadilika.

Huduma, na barua ya kuipima

Kampuni nzuri utaijua kwa jinsi inavyojibu barua moja. Iandike hivi: "Kuhusu mkataba namba fulani, naomba kwa maandishi, kwa hesabu ya tarehe moja: thamani ya kuvunja, kiasi kitakachobaki ada zikisimamishwa, bonasi zilizotangazwa, mkopo na riba yake, tarehe ambayo ada imelipwa hadi, majina ya wenye mkataba, wanufaika, na yeyote aliyehamishiwa kwa dhamana, na masharti kamili ya kipengele cha kutenganisha, kama kipo." Anayejibu yote kwa karatasi moja yenye tarehe anastahili sifa. Anayekutajia thamani kwa simu bila kutaja mkopo amekupa namba isiyofaa hata kuandikwa kwenye bahasha.

Hati mpya ikifika, usiiweke kabatini bado. Soma jedwali upya: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, mnufaika. Halafu angalia taarifa ya benki ya mwezi unaofuata, uone ada imekatwa kwenye akaunti ipi. Si ajabu ukakuta umiliki umehamishwa sawasawa na makato bado yanatoka kwa yule wa zamani, ambaye siku atakayoyaona atayasitisha.